Hewa Ndogo Kama Punje ya Mchele: Kufunga Mashine ya Kutafutia Samaki kwenye Kayaki

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Nashukuru mmeziacha nyavu mkaja kukaa chini ya mkungu huu hapa Sahare, na nashukuru zaidi kuona kuna waliotoka Kigombe na Tongoni. Kayaki hii mnayoiona mbele yangu, kimtumbwi hiki cha plastiki, ni yangu, nimeikokota kutoka nyumbani kwa mkokoteni. Leo tutaifunga mashine ya kutafutia samaki, ile wengine mnaita fishifainda, na kila hatua nitaifanya mbele ya macho yenu.

Kabla ya mashine, tazameni hii. Wazee wanaijua: bildi. Kipande cha risasi, kamba, na fundo kila baada ya pima moja. Babu yangu alikuwa akiipaka shahamu kitakoni ili ikipanda ije na alama ya chini. Ikija na mchanga, anajua. Ikija na tope, anajua. Ikija haina kitu ila mkwaruzo, hapo ni mwamba, na hapo ndipo anapotupa nanga. Mashine hii ni bildi, ila badala ya risasi inateremsha sauti. Kichwa chake hiki, kinachoitwa transdusa, kinapiga mlio ambao sikio la binadamu haliusikii, mlio unakwenda mpaka chini, unagonga, unarudi. Mashine inahesabu muda. Katika maji ya bahari sauti inakimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde moja. Chini ikiwa mita 15, safari ya kwenda na kurudi ni mita 30, yaani moja ya hamsini ya sekunde. Babu alivuta kamba. Hii inapiga tena na tena kabla hujapepesa jicho.

Sasa lishikeni neno hili, maana mengine yote nitakayosema yanalizunguka: hewa. Sauti ikitoka kwenye maji ikakutana na hewa, haipiti, inarudishwa karibu yote. Ndiyo sababu samaki anaonekana. Mkipasua changu au chewa mnakiona kile kibofu cha hewa tumboni. Hicho ndicho kinachong'aa kwenye kioo cha mashine, kuliko nyama na mifupa. Papa na taa hawana kibofu, songoro hana, kwa hiyo hao wanaonekana hafifu hata wakiwa wakubwa. Na silikanti wetu, yule samaki wa kale, ambaye kwa ajili yake Tanga ilipata hifadhi ya bahari mwaka 2009, chake kimejaa mafuta badala ya hewa. Basi hewa inayomfichua samaki ndiyo hiyo hiyo itakayoipofusha mashine yako, ikiingia mahali isipotakiwa.

Je, lazima kichwa kiwe nje majini? Kwenye kayaki ya plastiki, hapana. Plastiki hii ni nzima, haina matundu ndani, sauti inapita. Unakibandika kichwa ndani, sakafuni, na hakitagonga jiwe wala hakitanaswa na mwani. Lakini wenye mtumbwi na ngalawa nisikilizeni vizuri: mbao haipitishi. Mbao ina vijishimo vya hewa kila mahali, hata mvule mgumu. Ninyi mtafunga kichwa kwenye kipande cha bomba la plastiki, mkifunge ubavuni kati ya chombo na tengo, kizame kiasi cha kiganja chini ya maji, na mkikaribia pwani mnakipandisha. Boti za faiba zenye povu katikati ya kuta nazo ni vivyo hivyo, povu ni hewa. Tena, hizi mashine mpya zinazochora picha ya pembeni na picha kali ya chini hazifanyi kazi vizuri kupitia plastiki. Kwa hizo, kichwa kiwe majini.

Kutafuta mahali. Usibandike kwanza. Chukua mfuko wa nailoni imara, utie maji, kitie kichwa ndani, funga, kisha uulaze sakafuni mwa kayaki iliyo majini. Wewe mwenyewe ukae, kwa sababu kayaki yenye mtu hailali kama kayaki tupu. Kichwa lazima kitazame chini wima. Sogeza mfuko mbele, sogeza nyuma, mpaka namba ya kina itulie. Mahali pangu ni hapa, nyuma kidogo ya kiti, palipo bapa. Paweke alama kwa kalamu.

Sasa kazi yenyewe. Msasa kwanza, paparuze mpaka pang'ae kwa weupe. Plastiki ya namna hii haipendi gundi, kwa hiyo isaidie. Futa kwa spiriti, acha pakauke. Silikoni tunayotumia ni ile isiyonuka siki. Ile inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inakula shaba ya waya. Inusheni hii, zungusheni. Umesikia? Haina ukali.

Tazameni mkono wangu. Sipaki kama mtu anayepaka siagi kwenye mkate, kwa sababu ukipaka unakunja hewa ndani. Nakata ncha ya mrija, naizamisha katikati ya alama, nakamua bila kuinyanyua. Ncha inabaki imezama ndani ya silikoni wakati wote, mpaka kiwe kichuguu kimoja, kinene katikati. Sasa kichwa. Nakishusha polepole juu ya kichuguu, nabonyeza, nazungusha kidogo tu, robo ya mzunguko haifiki, mpaka silikoni itoke pande zote. Mmeona inavyotoka, duara zima? Hapo hewa imesukumwa nje. Na hapa wengi wanaharibu: wanakiinua wachungulie. Ukikiinua umevuta hewa. Futa yote, anza upya. Acha kivulini siku mbili, kwa sababu katikati hukauka mwisho.

Kwa nini nasisitiza? Ya kwanza niliyofunga nilifunga jioni, nina haraka, nataka alfajiri niwe majini. Nikafika nje ya kisiwa cha Yambe, mshipi wangu unanipa pima 9, kama mita 16, na kioo kinaniambia mita 2. Mara namba inaruka, mara inapotea kabisa. Nilizunguka asubuhi nzima nikidhani nimeuziwa kitu kibovu. Nilirudi bila samaki wa kupeleka hata nyumbani, na mke wangu alikuwa ametegemea. Nilipokibandua kichwa nikakuta mapovu matatu, madogo kama punje za mchele, yamekaa sawia chini yake. Mashine haikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana sitaki mmoja wenu apoteze siku kama ile.

Waya sitakawia nao. Waya wa transdusa usiukate hata ukiwa mrefu, ukunje kwa duara kubwa uufunge. Usiulaze pamoja na waya wa betri, utaona mistari ya fujo kwenye kioo. Tundu toboa juu, kamwe usitoboe chini ya mstari wa maji, liwe la kupitisha plagi ya waya, kisha lizibwe kwa raba na silikoni. Kioo kiwe mahali mkono unafika, lakini kasia halipiti. Betri, zile za UPS, kile kifaa kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika, za volti 12 na ampia-saa 7 zinatosha. Mashine yangu ndogo inakula karibu nusu ampia, na betri ya risasi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo hesabu saa 7. Betri ya bodaboda ya kumiminwa tindikali msiitumie, kayaki hupinduka, na tindikali itakumwagikia. Ifungie kwenye kopo lenye mfuniko, chini, karibu na katikati. Fyuzi iwe kwenye waya mwekundu, karibu kabisa na betri. Vichwa vya waya vipake grisi, la sivyo chumvi itavigeuza kijani.

Kusoma kioo. Sauti inashuka kama pia iliyogeuzwa, nyembamba juu, pana chini. Kwa mlio wa masafa ya kilohezi 200, upana wa chini ni karibu theluthi ya kina: mita 15 za maji, unaona duara la mita 5 hivi. Nje ya duara huoni kitu, hata likiwa kundi la kolekole. Na picha inaandikwa kutoka kulia. Kilichoko kushoto kimeshapita, usikifuatie mshipi. Samaki akikatiza duara anachora upinde. Mkitulia wote wawili, anachora mstari mrefu. Mwamba mgumu unachora mstari mnene, na mara nyingi chini yake unajirudia kwenye kina maradufu, mita 10 na tena 20. Tope linachora hafifu bila kujirudia. Hiyo ndiyo shahamu ya babu.

Mzee pale ameniuliza, "Mwanangu, tukishaona kila kitu, bahari itabakiwa na nini?" Mzee, swali hilo mimi pia linaninyima usingizi. Mashine haiongezi samaki. Kwa mtu mmoja mwenye mshipi na ndoana mbili, inampunguzia kupiga kasia bure. Kwa chombo chenye wavu mkubwa na taa ni jambo jingine, na kazi ya namna hiyo niliwahi kuletewa nikaikataa. Lakini kuna kitu kioo kimenionyesha ambacho ningependa kila kijana hapa akione. Mwamba hai unachora vichwa na mabonde, samaki wamejaa juu yake. Palipopigwa baruti panachora ubapa wa kifusi, mtupu. Nimepita juu ya pa namna hiyo, dakika nzima ya kupiga kasia, na hapakuwa na upinde hata mmoja. Moyo uliniuma. Nikirudi mahali pazuri pa chewa siwaonyeshi watu wengi, na nikipata wawili natosheka, naondoka.

Leo ni Jumamosi. Hii tuliyobandika ninaiacha hapa kivulini, watoto wasiiguse. Jumatatu maji yakijaa tutaishusha, mmoja wenu akae kwenye kiti mimi nisimame ufukweni. Mzee, nakuomba uje na bildi yako. Utaiteremsha kando ya kayaki, uhesabu pima, kila pima moja tuihesabu mita 1.8 hivi, na kijana asome kioo kwa sauti.