Kiunzi cha Seli za Neva Hakikai Kimya

Ndugu wasikilizaji, jambo hili nimelisema katika kumbi nyingine na nitalirudia hapa, kwa sababu bado tunawafundisha wanafunzi kwamba kumbukumbu ni suala la umeme na vipokezi, yaani protini za neva zinazopokea ishara, peke yake, huku kiunzi cha seli, zile nyuzi za protini zinazoipa seli umbo, kikitajwa kana kwamba hakihusiki.

Tazameni kichipukizi kimoja cha dendraiti, yaani kinundu kidogo kwenye tawi la neva ambako ishara ya neva nyingine hupokelewa, na ambacho hutanuka muungano wa neva hizo unapoimarika, kama inavyodhaniwa kutokea tunapojifunza. Mwaka 2004, Matsuzaki, Kasai na wenzao waliachilia glutameti, kemikali inayobeba ishara kati ya neva, kwa mwanga wa leza juu ya kichipukizi kimoja tu, katika vipande vya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ya panya. Kichipukizi hicho kilitanuka upesi. Vilivyokuwa vidogo tangu awali vilibaki vimetanuka, na vikubwa vilirudi vilivyokuwa. Aktini, protini ya kiunzi cha seli, ilipozuiwa isiungane kuwa nyuzi, kutanuka huko kulikwama. Je, ushahidi gani zaidi unahitajika? Kalsiamu inayoingia kupitia vipokezi vya NMDA, ambavyo ni vya glutameti, hushikana na protini ya kalmodulini na kukiamsha kimeng'enya cha CaMKII. Ishara hupita kwenye protini za jamii ya Rho hadi kimeng'enya cha LIMK, nacho huibandika fosfeti kofilini, ile protini inayokata nyuzi za aktini, ikaacha kukata. Kalsiamu ikiingia kidogo kidogo kwa muda mrefu, kimeng'enya cha kalsinurini huanzisha njia ya kuiondoa fosfeti hiyo, nyuzi zikakatwa na kichipukizi kikasinyaa.

Najua pingamizi linalofuata, maana halikosi kuletwa: sehemu kubwa ya aktini ya kichipukizi hubadilishwa ndani ya takriban dakika moja, basi itawezaje kuhifadhi chochote? Anayeuliza hivyo anahesabu molekuli, ilhali kinachodumu ni uwiano kati ya kasi ya kuungana na kasi ya kuachana, na uwiano huo ndio unaosogezwa na shughuli ya neva. Vipokezi navyo hubadilishwa daima, lakini sijamsikia mtu akivikataa kwa sababu hiyo!

Muda umekwisha, na mikrotubuli, mirija ya kiunzi hicho hicho, zilistahili mhadhara wake. Itoshe kusema kwamba nazo huingia ndani ya vichipukizi kwa dakika chache na kutoka, na kwamba huingia mara nyingi zaidi neva inapofanya kazi. Kuhusu tau, protini inayoshikana na mikrotubuli, nitajibu mtakapouliza.