Uzi Unafanya Vitanzi Chini ya Kitambaa? Anza Kutafuta Juu

Karibuni. Hapa tuna Singer 15K, cherehani cha chuma cha kukanyaga. Kama chako ni Butterfly cha muundo huu, fuata hatua hizihizi.

Tazama mshono huu. Juu umetulia, chini umejaa vitanzi. Wengi wakiona hivi hukimbilia skrubu ya kesi ya bobini, yaani kile kikopo cha chuma kinachobeba bobini, kigurudumu cha uzi wa chini. Usiiguse kwanza! Vitanzi hivyo ni uzi wa juu. Ndoano inauvuta chini kuzunguka bobini, na kwa kuwa haujabanwa, unabaki umelegea kulekule.

Inua mguu wa cherehani, ule unaokandamiza kitambaa, kisha toa uzi wote wa juu. Mguu ukiwa chini visahani vya tensheni, vile vinavyoubana uzi wa juu, vinabanana, na uzi unakaa ukingoni badala ya kuingia katikati. Kosa hili ndilo tunalokutana nalo kuliko yote. Tunga upya, uzi uingie kati ya visahani na ushike kile kispring cha waya. Sasa shusha mguu, vuta uzi karibu na sindano: ukatae, sindano ianze kupinda. Inua mguu, vuta tena: uteleze.

Hakuna tofauti? Basi kuna uchafu kati ya visahani. Mguu ukiwa juu, legeza nati ya tensheni, pitisha kipande cha kitambaa chembamba chenye spiriti kidogo, mara tatu au nne. Bisibisi isiingie humo, mkwaruzo mmoja tu utakuwa unakukatia uzi kila siku. Mafuta nayo yasifike hapo, maana uzi utateleza.

Sindano ni aina ya 15x1, unene namba 14 kwa kitenge. Isukume hadi igote juu kabla ya kukaza. Uzi huingilia upande wenye mfereji mrefu na kutokea upande bapa. Ukiigeuza sindano, itaruka mishono na utalaumu tensheni bure.

Sasa ndiyo tunafika kwenye bobini. Ikiwa ndani ya kesi, ukivuta uzi izunguke kama mshale wa saa. Pitisha kona ya karatasi chini ya spring ya kesi. Manyoya ya uzi hujificha hapo. Kisha ning'iniza kesi kwa uzi wake: itulie, ukiitikisa kidogo ishuke sentimita chache. Ikiporomoka yenyewe, kaza ile skrubu kubwa kwa robo ya robo ya mzunguko, upime tena. Ile ndogo iache, inashikilia spring tu.

Jaribu kwenye kitenge kilichokunjwa mara mbili, uzi mweupe juu, mweusi chini, nati ya tensheni kwenye 4. Nukta nyeusi zikionekana juu, punguza nusu namba. Nyeupe zikionekana chini, ongeza nusu. Vuta mshono kwa mshazari hadi ukatike: ukikatika uzi wa rangi moja tu, huo ndio uliokazwa zaidi.