Bei ya shaba haionekani

Jambo ba mama, ba papa na ba yaya wote, asanteni kwa kukuya, leo tunaongea juu ya rangi za maandishi mu tovuti. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Kuko papa mmoja hapa Lubumbashi anauzisha mapicha ya shaba, zile za kugonga na nyundo, nikamutengenezea tovuti, bei zote nikaandika na rangi ya shaba, kode B87333, njo namna ordinateri inaandika ile rangi, juu ya nyeupe, na usiku mu ordinateri yangu ilikuwa inang'aa muzuri mpaka nikajisifu peke yangu. Haikupita wiki papa anapiga simu: "Mwanangu, batu banasumbua kuuliza bei, uliiandika wapi?" Nikaenda kwake saa sita ya mchana, akatoa telefone yake pa jua, ekra imejaa mikwaruzo, naangalia: picha iko, bei hakuna, kama vile mutu aliandika na maji.

Telefone haikuwa na kosa, kosa ni kontrasti, yaani tofauti ya mwanga kati ya maandishi na rangi ya nyuma. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, njo mwisho wake. Maandishi ya kawaida, kanuni za WCAG, zile za dunia nzima za kufanya tovuti isomeke na kila mutu, zinaomba isipungue 4.5, yale makubwa 3, na ile shaba yangu ilikuwa 3.8 hivi! Na musiamini macho: kijivu 777777 juu ya nyeupe inaanguka na 4.48, 767676 inapita, na mu hii sale hakuna mwenye kuzitofautisha. Programu za kupima ziko bure, pima.

Wazee wa hii kazi watauliza, na zile rangi 216 za zamani, zenye zilisemwa ni salama kwa tovuti, je? Zamani ekra nyingi zilionyesha rangi 256 tu, basi batu bakachagua hatua 6 za nyekundu, 6 za kijani, 6 za bluu, yaani 00, 33, 66, 99, CC, FF, 6 mara 6 mara 6, zilizobaki bakaachia sisitemu, na ukitoka inje ya zile 216, mashine inakuchanganyia vidoti-vidoti. Leo ekra inatoa zaidi ya milioni 16, ile orodha ilishazeeka. Ila mi nilirudi kuchukua humo 996633, juu ya nyeupe inafika 4.8 na kidogo. Papa akaangalia, akasema: "Hii ni shaba ya kukaa karibu na moto, lakini bei naiona."

Jambo lingine, ukipanga rangi ya maandishi panga na ya nyuma, usiiachie telefone ya mutu, juu akiiweka mu mode ya giza unaweza kupata nyeusi juu ya nyeusi. Na picha iliyouzwa usiweke tu kidoti chekundu, kuko wanaume wengi, nyekundu na kijani kwao ni kitu kimoja, andika IMEUZWA, imeisha.

Sasa toeni telefone, mwanga punguzeni nusu, tutoke inje pa jua, kila mutu afungue ukurasa alioutengeneza yeye mwenyewe. Mi natangulia.