Ishara za dharura kwenye mtumbwi: CD, filimbi, dumu na fataki (tuko Mtera)

Mbukwenyi! Karibuni tena. Leo tuko Bwawa la Mtera, upande wa Mpwapwa, na hizo kelele unazosikia ni upepo, si simu yako iliyoharibika. Maikrofoni nimeivalisha soksi, lakini upepo wa alasiri wa huku hauheshimu soksi.

Swali la leo: injini imezima katikati ya bwawa, au mtumbwi umelala ubavu, na kule mwaloni watu wanaendelea na kahawa yao. Unawaitaje? Kwa sauti yako hutawafikia. Tutaanza na vitu vya mwilini, halafu dumu la kwenye mtumbwi, halafu fataki za hatari, zile za kuombea msaada, kwa wale wanaozinunua. Nimepanga hivyo kwa sababu. Mtumbwi ukikutoka, dumu linaweza kwenda nao, ila kilichofungwa kwenye jaketi okozi unabaki nacho.

Kwanza uelewe unaonekana kwa umbali gani. Ukikaa kwenye mtumbwi, macho yako yako kama mita 1 juu ya maji, na upeo wako unaishia kama kilomita 3 na nusu. Ukiwa majini, kichwa kimetokeza sentimita 20 tu, upeo wako ni kilomita 1 na nusu hivi, na hapo bado hatujahesabu mawimbi. Na kuwa ndani ya upeo wa mtu hakumaanishi anakuona. Kichwa cha binadamu kwenye maji yenye visiki kama haya ni kisiki kimoja zaidi. Kwa hiyo kazi ya ishara ni mbili: kukuinua juu, au kukufanya uwe kitu kisichofanana na vingine hapa.

Filimbi. Hii ni rahisi, twende haraka. Nunua ya plastiki isiyo na kijipira ndani, kwa sababu kijipira kikilowa kinanata na filimbi inakuwa pambo. Ya chuma pia sipendi, ina kutu. Ifunge kwenye jaketi okozi kwa uzi mfupi, urefu wa kutoka kifuani hadi mdomoni, basi. Uzi mrefu unanasa kwenye nyavu. Piga tatu, pumzika, piga tatu. Usipulize mfululizo mpaka uishiwe pumzi, unazihitaji.

Sasa kioo, na hapa tutakaa.

Vioo vya ishara vya dukani vipo, vina kitundu katikati. Kama huna, chukua CD mbili za zamani, za mahubiri au za taarabu, hata zenye mikwaruzo kidogo. Zilizopauka achana nazo. Zibandike mgongo kwa mgongo, pande zinazong'aa zitazame nje, matundu ya katikati yalingane. Zungushia gundi ya karatasi, ile solotepu pana, ukingoni tu. Usitumie supagluu, inatoa mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye uso wa CD. Kwa kuziunganisha hivi hazipindi, na ukiwa na taharuki huhitaji kutafuta upande upi unang'aa. Tundu la uzi litoboe pembeni kwa msumari uliopashwa moto, taratibu. Ukitumia keekee CD inapasuka.

Kulenga. Sogeza kamera mdogo wangu, huku, mkono uonekane.

Shika CD karibu na jicho moja, uangalie kupitia tundu la katikati. Mkono wa pili unyooshe mbele kabisa, kidole cha shahada na cha kati vifanye alama ya V. Mtu unayemwita, mtumbwi wake, au nyumba ile pale ng'ambo, mweke katikati ya hiyo V. Sasa geuzageuza CD kidogokidogo mpaka uone doa la mwanga likiangukia vidole vyako. Likishakaa kwenye vidole vyote viwili, mwanga unapita katikati na unakwenda kwake. Hapo unatikisa CD kidogo tu, mwanga uwake na kuzima.

Mkono wa pili usiushushe. Narudia, usiushushe. Bila vidole hujui mwanga unakwenda wapi, unaweza kumulika samaki nusu saa nzima ukidhani unamulika mwalo. Doa la jua linatanuka kidogo sana: kwa kilomita 1 lina upana wa mita 9 hivi, kwa kilomita 5 ni mita 45 au 46. Mtumbwi kilomita 1 mbele yako ni rahisi sana kuukosa kwa mita 20, na yule mvuvi hataona chochote, hata mng'ao mdogo. Ndiyo maana...

Aa. Wingu. Unaona? Doa limepotea kabisa. Mwezi huu mawingu ya jioni ndiyo yenyewe. Tuache, tutarudi likiondoka. Ila nitumie nafasi hii kusema: kioo hakina kazi bila jua, na jua likiwa mgongoni kwako kabisa na liko chini, pia hakina kazi, kwa sababu ingebidi CD ikae ubavu. Jua likiwa mbele au utosini ndipo kinafanya vizuri.

Basi tuingie dumu.

Watu wengi wanachukua ndoo ya rangi yenye mfuniko wa kubana. Nzuri, haivuji, lakini mfuniko wake unafunguliwa kwa bisibisi, na majini bisibisi hunayo. Tafuta dumu la mdomo mpana, lita 10, mfuniko wa kuzungusha wenye raba ndani. Kwa Dodoma mjini zungukia Majengo au Sabasaba kwa wauza vyombo vya plastiki. Lisiwe lililobeba dawa za shamba. Lita 5 linapendeza lakini fataki ya mkono ndani inalala kimshazari na mfuniko haukai.

Kujaribu kama linavuja: weka karatasi kavu ya chooni ndani, funga, zamisha. Lita 10 za hewa zinataka uzito wa zaidi ya kilo 10 kuzama, kwa hiyo usihangaike na mikono, weka jiwe kubwa juu. Subiri dakika 10. Toa, futa nje kwanza, ndipo ufungue. Karatasi ikiwa na alama ya maji hata kidogo, paka raba mafuta ya mgando na ujaribu tena. Ikigoma, tafuta dumu lingine. Baada ya hapo lipake rangi ya chungwa. Nyeupe hapana: huku kuna povu la mawimbi na yangeyange kila mahali, dumu jeupe ni ndege mmoja zaidi.

Ndani unaweka tochi, kitambaa, na fataki kama unazo.

Tochi: betri moja igeuze kinyume, isijiwashe yenyewe humo ndani na ukakuta imekufa siku ya shida. Ishara yake ni mwako mfupi mara tatu, mrefu mara tatu, mfupi mara tatu. Mrefu uwe kama mara tatu ya mfupi: hesabu "moja" kwa mfupi, "moja-mbili-tatu" kwa mrefu. Halafu pumzika kidogo, urudie.

Kitambaa: turubai au kitenge cha rangi ya chungwa, mita 1 na nusu kila upande, ubandike mraba mweusi na duara jeusi. Vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vinatosha, shona. Alama hiyo imo kwenye orodha ya kimataifa ya ishara za hatari majini, na kutoka juu inaonekana vizuri. Kama hakuna ndege wala helikopta, funga kitambaa kwenye pondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, na ulisimamishe. Pondo likisimama, wewe kaa. Mtumbwi hauhitaji watu wawili wa kuyumba.

Na mikono. Ishara ya hatari ni mikono yote miwili, imenyooshwa pembeni, inapanda na kushuka polepole. Ukipunga mkono mmoja, mvuvi wa Mtera ni mtu wa adabu: atakupungia na yeye, aende zake.

Simu ni ya shingoni, ndani ya mfuko wa plastiki uliobanwa vizuri, haikai dumuni. Mimi napendelea kitochi chenye vitufe. Simu ya kugusa haikuelewi vidole vikiwa na maji, na chaji yake unaijua. Weka 114 ya Zimamoto na Uokoaji, 112 ya Polisi, na juu kabisa namba ya kiongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo wako, maana mwenye mtumbwi ulio karibu nawe ni yeye. Mtandao ukiwa dhaifu, simu inakatika lakini ujumbe mfupi unaweza kupenya. Uandike kabla hujaondoka nyumbani, uuhifadhi: tuko watu wangapi, mtumbwi rangi gani, tumetokea mwalo gani. Kinachobaki ni kuongeza mahali ulipo. Usiseme "katikati". Taja tuta la bwawa liko upande gani kwako, na mlima upi uko mbele.

Sasa fataki. Hapa nashika kijiti cha ukubwa uleule, kwa sababu fataki ya hatari haiwashwi kwa ajili ya video. Mtu akiiona ng'ambo akaja na boti yake, umemdanganya, na siku nyingine haji.

Kuna aina tatu, na huzipati sokoni Majengo, ni za maduka ya vifaa vya bahari. Roketi ya mwavuli inapanda mita 300, inawaka nyekundu sekunde 40. Hiyo ni ya kuwaita walio mbali. Fataki ya mkono inawaka nyekundu dakika 1, nayo ni ya kuwaonyesha ulipo wakishakaribia. Kopo la moshi wa chungwa linatoa moshi dakika 3, na ni la mchana tu. Hizi ni zile za kiwango cha meli. Kosa la kawaida ni kuwasha zote kwa pamoja kwa hofu. Ukiwa huoni mtu wala taa, wala husikii injini, tunza.

Soma maelekezo ya ubavuni leo, ukiwa nchi kavu, mchana. Nyingine unavuta kamba, nyingine unapiga kitako, nyingine unasugua kifuniko. Usiku kwenye mawimbi hutasoma.

Fataki ya mkono: nyoosha mkono nje ya ukingo wa mtumbwi, upande upepo unakokwenda. Hivi. Nje, na upande upepo unakokwenda. Kwa sababu inadondosha majivu ya moto yanayotoboa nyavu, jaketi, na dumu la petroli. Elekeza pembeni kidogo, isiwe wima juu ya kichwa, majivu yasikushukie mkononi. Uso geuza, usiitazame, itakupofusha kwa usiku ule. Watu wanakumbuka "nje" wanasahau upepo, moshi na cheche zinawarudia. Angalia upepo kwanza, ndipo uvute.

Roketi: shika karibu wima, iinamishe kidogo kufuata upepo, kwa kuwa ikiruka inajigeuza kuuelekea. Usiirushe kukiwa na ndege au helikopta juu yako.

Tarehe ya mwisho imechapwa ubavuni, kwa kawaida miaka 3 toka kutengenezwa. Zilizopita usizichome kwenye harusi, tafadhali. Na usizifiche kwenye mzigo wa basi.

Jua limerudi! Kamera, kamera. Vidole V, nyumba ya ng'ambo katikati, CD jichoni... doa hilo, kwenye kidole cha shahada. Linahama. Mkono umeshuka, umeona? Nimeushusha mimi mwenyewe huku nasema usishushe. Tena. Sasa limekaa kwenye vidole vyote viwili, tikisa polepole. Na ukimulika kutoka huku usilenge tutani, kuna barabara ya Dodoma–Iringa na madereva wana macho. Ndege nayo ikishakugeukia, acha kummulika rubani usoni.

Kwa wanaotoka huku kwenda ziwani au baharini: mnasikia habari ya kifaa cha setilaiti. Kidogo cha mfukoni kinatuma ishara kwa 406 MHz angalau saa 24, kile kikubwa cha chombo saa 48, na ni lazima kisajiliwe kwa jina lako, la sivyo wanaopokea hawajui wanamtafuta nani. Antena isimame wima, iione mbingu, usiikumbatie. Redio ya VHF, ile ya mawasiliano ya vyombo vya majini, ni chaneli 16, lakini ina maana pale tu penye mtu anayesikiliza.

Kamba, karibu nisahau. Dumu lifunge kwenye ubao wa kukalia kwa kamba ya mita 3, fundo la kuvuta ncha moja likafunguka. Mita 3 ili mtumbwi ukipinduka dumu lielee pembeni yako, lisibanwe chini. Jaribu fundo likiwa limelowa, maana la manila likilowa linakaza. Hili hapa nimelilowesha tangu tuanze... vuta... linagoma. Ngoja nibadilishe kamba.