Kumlisha Chatu Panya wa Friza: Kuanzia Barafu Hadi Kinywani

Karibuni watazamaji. Leo tunamlisha chatu panya aliyegandishwa, tangu anapotoka kwenye friza hadi mkia wake unapopotelea kinywani mwa nyoka. Chatu mnayemwona hapa ni Python regius, yule mfupi mnene ambaye makazi yake ya asili yanaanzia Senegali huko Afrika Magharibi na kufika hadi Uganda. Waingereza humwita chatu wa kifalme. Wamarekani humwita chatu wa mpira, kwa kuwa akiogopa hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa katikati. Ulaya na Marekani anafugwa sana, na ninyi mlioko huko mna uwezekano mkubwa wa kuwa na huyu huyu. Walioko Kenya na Tanzania wakumbuke kwamba nyoka wa porini ni wanyamapori kisheria, hafugwi bila kibali.

Kwa nini panya mfu? Kwa sababu panya hai huuma. Meno yake ya mbele yanatafuna hata mbao, na ukimfungia kwenye tanki (kizimba cha nyoka) pamoja na nyoka asiye na njaa, saa chache baadaye yeye ndiye atakayeanza kumtafuna nyoka. Nyoka hakimbii, wala hajitetei kama unavyodhani. Wapo wanaofikishwa kwa daktari wa wanyama mgongo umeliwa hadi mfupa unaonekana, wengine jicho limetobolewa. Hata nyoka mwenye njaa anaweza kumdaka panya kiunoni badala ya kichwani, panya akageuka na kumng'ata usoni. Tena panya naye ana uchungu na hofu zake. Nyoka anayekubali mfu hana haja ya kiumbe mwingine kupitishwa katika mateso hayo.

Na tafadhali, usitege panya wa darini. Sumu nyingi za panya za madukani huzuia damu isigande, na panya aliyeila huzunguka siku kadhaa kabla hajafa. Nyoka akimmeza, amemeza na sumu. Nunua panya waliofugwa kwa kazi hii, waliogandishwa mwili mzima.

Sasa ukubwa. Mtazame nyoka pale alipo mnene kuliko pote, katikati ya mwili. Panya awe na unene huo huo, au azidi kidogo sana. Ukiwa na mizani ya jikoni (iwe ya nyoka peke yake) pima uzito. Chatu anayekua hupewa panya wa asilimia 10 hivi ya uzito wake: huyu wetu ana gramu 620, na panya wake ana gramu 58. Akishapita kilo moja na nusu, asilimia 5 inatosha. Chatu mchanga hula kila baada ya siku 7, wa mwaka mmoja au miwili kila siku 10 hadi 14, na aliyekomaa kila wiki 2 hadi 4. Wafugaji wengi wanakosea kwa kuzidisha, si kwa kupunguza. Chatu mwenye mafuta huanza kuonyesha mikunjo ya ngozi anapojipinda, na mafuta hayo ni kazi kubwa kuyaondoa.

Tuingie jikoni, ingawa vyombo vya jikoni havihusiki hapa. Panya wakae kwenye mfuko wa zipu uliokamuliwa hewa, ndani ya boksi lenye mfuniko, mbali na chakula cha watu, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Watumie ndani ya miezi 6. Baridi haiui salmonela (bakteria wa kuharisha), inaisimamisha tu, na Marekani na Uingereza zimewahi kupata milipuko ya ugonjwa huo iliyotokana na panya wa friza. Kwa hiyo kuwe na bakuli la panya, koleo la panya na taulo za karatasi. Mtoto wa chini ya miaka 5 asishike chochote kati ya hivi.

Usiku wa kuamkia siku ya kulisha, mtoe panya kwenye friza umweke kwenye friji, bado akiwa ndani ya mfuko wake, juu ya sahani, rafu ya chini kabisa ili pasiwe na kitu cha kudondokewa. Panya wa gramu 58 huyeyuka kwa saa 8 hadi 12. Kipanya kidogo huwahi zaidi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanasahau kumtoa mapema, halafu wanatafuta njia ya mkato. Maikrowevu hupasha kwa mabaka: ubavu mmoja umeiva, tumbo bado ni barafu, na panya anaweza kupasuka. Maji yanayochemka hupika ngozi ya nje, tumbo likalegea na kutoboka mara nyoka anapombana. Na kumwacha juani au kando ya jiko mchana kutwa ni kumwozesha matumbo huku nje akionekana mzima. Ukisahau, ahirisha hadi kesho. Chatu hafi kwa kukosa siku moja.

Saa ya kulisha ikifika, jaza bakuli maji ya moto ya bomba ya nyuzi 40 hadi 45, yale ambayo mkono unayavumilia bila kuurudisha. Zamisha mfuko ukiwa umefungwa. Baada ya dakika 10 maji yamepoa, yabadilishe. Panya huyu atahitaji dakika 20 hadi 25. Kisha mjaribu: bonyeza tumbo kwa vidole viwili juu ya mfuko, taratibu, ukitoka mbavuni kwenda nyongani. Palainike pote. Ukikuta kitu kigumu kama kokoto katikati, hilo ni barafu, mrudishe majini. Barafu hiyo ikiingia tumboni mwa nyoka, mmeng'enyo unachelewa, nyama inaanza kuoza kabla haijasagwa, na siku mbili tatu baadaye utaikuta imetapikwa.

Mtoe, mkaushe kwa taulo ya karatasi hadi manyoya yasimame. Panya aliyelowa hunukia maji, hanukii panya.

Sasa sogeza kamera karibu na mdomo wa nyoka. Mnaona vile vishimo vidogo vilivyojipanga kwenye mdomo wa juu? Vinahisi joto. Gizani chatu anamwona panya kama umbo la joto, na anachotafuta ni kichwa. Ndiyo maana hatua ya mwisho ni kupasha kichwa peke yake: draya ya nywele kwa sekunde 20 au 30, au kichwa kwenye maji ya moto ndani ya mfuko kwa muda kama huo. Kipimajoto cha kuelekeza, kama kile kilichotumika milangoni wakati wa Uviko, kisome nyuzi 38 hadi 40 kichwani. Mwili ukiwa umepoa kidogo si neno. Nyoka wengi wanaosemwa kuwa "hawapendi mfu" wanachokataa ni panya wa nyuzi 25.

Kabla hujafungua tanki, kagua mambo mawili. Joto: upande wa moto uwe nyuzi 31 hadi 33, upande wa baridi nyuzi 25 hivi, na themostati (kidhibiti joto) iwe imewashwa. Nyoka aliyepoa hasagi chakula. La pili ni macho: yakiwa yamefifia na kuwa na rangi ya maziwa, anajiandaa kujivua gamba, mwache hadi amalize.

Lisha jioni, taa zikiwa hafifu, yeye akiwa ametoa kichwa mlangoni mwa maficho yake. Osha mikono kwanza, kwa maana mkono wenye harufu ya panya ni panya. Shika koleo la sentimita 30 au zaidi. Mbane panya nyuma ya mabega, kichwa kikitazama mbele, na umpitishe sentimita 10 hivi mbele ya pua ya nyoka, kutoka pembeni. Usimwelekezee moja kwa moja usoni wala kumgusa naye puani, ataogopa na kujiviringa. Msogeze kidogo, tulia, msogeze tena, kama panya anayenusa. Ulimi ukianza kutoka upesi upesi na shingo ikajikunja kama herufi S, tulia hapo hapo. Usivute.

Akidaka, fungua koleo mara moja. Atamviringa na kumkaba. Mvute panya mkia kidogo kwa koleo mara moja au mbili, hilo humfanya azidi kukaba na asimwachie. Halafu funga tanki, ondoka. Atatafuta kichwa, ameze, apige miayo mara kadhaa kuirudisha taya mahali pake. Miayo hiyo baada ya kula si ugonjwa.

Akikuuma wewe kwa bahati mbaya, usinyofoe mkono. Meno yake yamepinda kwenda nyuma, na kuvuta kunachana ngozi yako na kumng'oa yeye meno. Mwagia maji baridi kichwani mwake taratibu hadi aachie, kisha osha jeraha kwa sabuni.

Asipodaka ndani ya dakika 10, mlaze panya juu ya sahani bapa mlangoni mwa maficho, ili asizoe takataka za sakafuni, na uzime taa. Asubuhi akiwepo, tupa. Usimgandishe tena. Jaribu baada ya siku 7, si kesho yake. Aliyezoea panya hai huhitaji subira zaidi: mpake panya mfu maranda yaliyotumika kwenye kizimba cha panya hai, na ongeza joto la kichwa. Chatu mzima mwenye afya anaweza kugoma miezi kadhaa, hasa majira ya kupandana. Mpime kila wiki mbili. Akipoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito, au akiwa bado mchanga na anagoma, nenda kwa daktari.

Baada ya mlo usimshike kwa saa 48, na maji safi yawepo. Akitapika, safisha tanki, hakikisha joto, na usimlishe kwa siku 14, kwa sababu asidi ya tumbo na utando wa koo vinahitaji kurudi. Mlo wa kwanza baada ya hapo uwe nusu ya ukubwa wa kawaida. Akitapika tena, weka kilichotoka kwenye mfuko wa zipu, kihifadhi penye baridi mbali na chakula chenu, na umpeleke nyoka pamoja nacho kwa daktari siku hiyo hiyo.