Kuchagua baruti ya risasi nzito: somo la mbabula

Jambo yenu, ba papa, ba mama na vijana mnaotazama. Niko Lubumbashi, nyuma ya nyumba, na mezani hapa hakuna baruti hata chembe. Sheria yetu ya silaha ya 1985 haichezewi. Asiye na kibali asiguse. Video hii ni ya vijana wetu walio kwenye mashamba ya uwindaji Namibia na Afrika Kusini, wenye karatasi zao, wanaojaza maganda ya risasi baruti wenyewe na kunipigia simu kila mara: "Papa, nichukue kopo gani?" Basi leteni macho. Nina ulezi na tambi.

Tazama sahani hii. Ulezi ni sura ya baruti ya duara: inateleza, inapimika bila taabu. Hizi tambi nilizokatakata ni baruti ya vijiti. Inakwama kwenye kipimio, utaitukana, lakini aina nyingi zinazovumilia joto ziko humu. Kopo likikaa ndani ya gari mwezi wa kumi, utajua kwa nini hilo lina maana.

Sasa njoo kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Natupa majani makavu: pwaa, yameisha, na maji ya bukari, ugali wetu, bado baridi. Naweka makala, yaani makaa: moto unakaa. Ndivyo baruti zinavyotofautiana, kwa mwendo wa kuwaka. Kichwa cha risasi, kile kinachoruka, kikiwa kizito kinachelewa kuondoka. Ukikipa baruti ya haraka, inawaka yote kichwa kikiwa bado kinajivuta, na shinikizo linatafuta mahali pa kutokea. Mahali penyewe ni silinda ya rivolva, sentimita chache kutoka vidoleni mwako.

Kwa hiyo hatua ya kwanza dukani: usitaje bunduki peke yake, taja na uzito wa kichwa. Mfano ni risasi ya rivolva ya .44 Magnum, ya mwaka 1955, na kichwa cha greni 240, yaani gramu 15 na nusu hivi. Rivolva ya namna hiyo inataka baruti ya polepole kati ya zile za bastola: 2400, H110 au W296. Hizi mbili za mwisho ni baruti moja ndani ya makopo mawili, usilipie mara mbili ukidhani umepata aina nyingine. Na ina tabia yake: haipendi ganda lililojaa nusu. Mtengenezaji anakuambia uanze asilimia 3 tu chini ya kiwango cha juu. Mtu mwoga anapunguza zaidi akidhani anajilinda. Moto haushiki vizuri, kichwa kinakwama ndani ya mtutu, risasi inayofuata inakikuta pale. Tumia pia fataki, kile kiwashio kidogo kwenye kitako cha ganda, iwe ya magnum, yenye moto mkali zaidi, maana baruti hii ni ngumu kuwasha.

Kwenye bunduki ndefu wengi wanapotea. Wanafikiri kadiri tundu la mtutu linavyokuwa kubwa, ndivyo baruti iwe ya polepole zaidi. Sivyo. Risasi ya .300 Winchester Magnum ina ganda kubwa na tundu dogo, inakubali baruti za polepole sana kama H4831. .458 Winchester Magnum ina tundu pana: kichwa kikisogea kidogo tu, nafasi nyuma yake inapanuka upesi na shinikizo linaanguka. Hiyo inataka baruti ya haraka zaidi, ya kundi la H4895. Ganda lake ni fupi, na zamani baruti ilishindiliwa humo hadi ikaganda, risasi zikatoka dhaifu mbele ya nyati. Mwindaji Jack Lott, aliyeumizwa na nyati Msumbiji, ndiye aliyetengeneza .458 Lott yenye ganda refu zaidi.

Hatua ya pili, soma kopo neno kwa neno. IMR 4350 na H4350 zina namba moja lakini si baruti moja. Jedwali la moja usilipeleke kwa nyingine.

Vipimo sitavitaja hapa, hata mkiniomba. Chukua kitabu cha mtengenezaji wa baruti yako, tafuta kichwa chako, anza chini anapokuambia uanze, panda kidogo kidogo ukiangalia fataki kama zimebapa na maganda kama yanatoka kwa shida, maana hizo ni dalili kwamba shinikizo limezidi.

La mwisho linanihusu mimi. Nilipokuwa kusini, jioni moja niliacha baruti ndani ya kipimio, nikaenda kula. Asubuhi kulikuwa na makopo mawili wazi mezani, na punje zinafanana kama mapacha. Bosi hakusema kitu. Alizimwaga zote, za kipimio na za makopo yote mawili, akakata pesa kwenye mshahara wangu. Tangu siku hiyo, kopo moja mezani, na kabla ya kulala kila kitu kinarudi ndani ya kopo lake.

Ngoja nami nirudishe ulezi jikoni, mama anauliza uko wapi.