Taa ya Injini Inapowaka: Soma Kabla ya Kufuta

Ndugu zangu mafundi, na wenye magari mliokuja kusikiliza siri zetu, karibuni.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa bado kijana kwenye kazi hii, niliwahi kupokea gari lenye taa ya injini inayowaka. Nikachomeka skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ikatoa msimbo wa hitilafu P0420, maana yake masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba la moshi, hayasafishi inavyotakiwa. Sikujiuliza mara mbili. Nikafunga masega mapya, nikafuta msimbo, taa ikazima, tukaagana na mwenye gari kwa furaha. Wiki chache baadaye akarudi na taa ile ile, na msimbo ule ule. Masega mapya yalikuwa yameshaungua. Silinda moja ilikuwa inamisi kidogo kidogo, yaani mara nyingine haiwashi mafuta yake, petroli isiyoungua inashuka na moshi na kwenda kuwakia ndani ya masega. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba skana ilikuwa na ukurasa wa pili, wa misimbo inayosubiri kuthibitishwa, na msimbo wa kumisi ulikuwa umekaa pale. Sikuufungua.

Tangu siku ile naichukua namba ya skana kama maneno ya shahidi. Shahidi anasema alichokiona kutoka pale aliposimama. Hamtaji mhalifu, na wala hajui bei ya kipuri.

Tuelewane kwanza taa hii inamtumikia nani. Watu hudhani imewekwa kulinda injini. Ukweli ni kwamba iliwekwa kwa ajili ya hewa tunayovuta. Marekani iliwalazimisha watengenezaji kuweka mfumo huu wa kujichunguza kwenye magari yote madogo ya kuanzia 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Kwa hitilafu nyingi, kipimo kilichowekwa Marekani ni moshi kuweza kuzidi mara moja na nusu ya kiwango kinachoruhusiwa. Ndiyo maana mteja anakuja na gari linavuta vizuri, halitetemi, halili mafuta kupita kiasi, na taa inawaka. Anadhani taa imeharibika. Haijaharibika, inazungumzia jambo ambalo yeye aliyekaa kwenye usukani hawezi kulihisi.

Kompyuta pia haina haraka. Hitilafu nyingi za moshi huziona mara ya kwanza ikanyamaza, ikaandika pembeni tu. Ikiziona tena kwenye safari ya pili, ndipo inawasha taa. Ila taa ikiwa inapepesa, hiyo ni habari nyingine kabisa: injini inamisi kiasi cha kuunguza masega wakati huo huo. Punguza mwendo, ondoa mzigo kwenye injini, simama mahali salama. Usiniambie ulitaka kufika nyumbani kwanza.

Sasa umechomeka skana. Kabla ya kitu chochote, andika misimbo yote, iliyothibitishwa na inayosubiri. Kisha fungua picha ya tukio, yaani zile takwimu ambazo kompyuta ilizihifadhi ilipoiona hitilafu: joto la injini, mizunguko, mwendo wa gari, mzigo. Ukibonyeza kufuta, picha hiyo nayo inakwenda. Fundi anayeanza kwa kufuta amewafukuza mashahidi kisha anaulizia nani alikuwepo.

Turudi kwenye P0420, kwa sababu hapo ndipo pesa za watu zinapoteketea. Masega ni kauri yenye vitundu kama sega la nyuki, imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, nayo huhifadhi oksijeni kidogo na kuitoa inapohitajika. Kuna sensa ya oksijeni mbele yake na nyingine nyuma. Kwenye sensa za kawaida, ile ya mbele hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Ya nyuma inatakiwa ikae karibu tuli, mara nyingi kwenye volti 0.6 au 0.7, kwa kuwa masega yanayameza mabadiliko yale. Sensa ya nyuma ikianza kucheza ngoma ile ile ya mbele, masega yamechoka, au kuna kitu kinaidanganya sensa. Bomba la moshi likiwa na ufa karibu na sensa, hewa ya nje huingia kati ya pigo moja la moshi na jingine, na sensa inaapa kwamba kuna oksijeni nyingi. Kwa hiyo kagua gasketi na maungio injini ikiwa baridi, wakati mlio wa uvujaji unasikika. Tafuta kumisi. Uliza kama injini inakula oili. Ukimaliza hayo yote na masega bado ndiyo mshtakiwa, yahukumu, ila jua kwamba masega mara chache hufa yenyewe, yapo yaliyoyaua.

Kitu kinachonisaidia kuliko vyote ni asilimia za kusahihisha mafuta. Kompyuta inataka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli, na inaongeza au kupunguza mafuta ili ifike hapo. Ukizikuta kati ya kutoa 10 na kujumlisha 10, usihangaike sana. Sasa tuseme una P0171, injini inalalamika mafuta ni machache. Asilimia ni 20 gari likiwa sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, unapandisha hadi mizunguko 2,500 zinashuka mpaka 3. Hapo hewa inaingia kwa mlango wa wizi, paipu ya vakyumu imepasuka au gasketi ya manifoldi imechoka, kwa sababu athari ya tundu lile lile huwa ndogo kadiri injini inavyovuta hewa nyingi. Zikiwa nzuri kwenye sailensi kisha zinapanda unapoongeza mzigo, angalia pampu, filta ya mafuta, au sensa ya hewa iliyochafuka. Hesabu hiyo ni ya dakika mbili na haihitaji kufungua bolti hata moja.

Mvuke wa petroli nao una misimbo yake: P0455 kwa uvujaji mkubwa, P0442 kwa mdogo, P0456 kwa tundu la kama nusu milimita. Ndiyo, kompyuta inatafuta tundu la nusu milimita. Anza na mfuniko wa tangi na mpira wake, kisha vali inayopeleka mvuke kwenye injini. Gari likiwa gumu kuwaka baada tu ya kujaza mafuta, vali hiyo huenda imekwama wazi. Uvujaji mdogo unatafutwa kwa mashine ya moshi, inayopuliza moshi ndani ya mabomba ili uone unapotokea. Ukitumia macho peke yake utazeeka chini ya gari. Kuhusu vali inayorudisha moshi ndani ya injini, na msimbo wake P0401 unaosema moshi unaorudi ni mdogo, sina mengi: fungua, toa masizi, kagua njia zake pia na si vali peke yake.

Baada ya kutengeneza, msimkabidhi mtu gari kwa sababu tu taa imezima. Angalieni kwenye skana kama vipimo ambavyo kompyuta hujifanyia yenyewe vimekamilika. Vya mvuke, kwa mfano, katika magari mengi havifanyiki tangi likiwa limejaa pomoni au likiwa karibu tupu. Kati ya asilimia 15 na 85 ndipo mnapotaka kuwa. Na hata bila kufuta, hitilafu ikiwa kweli imeondoka, taa kwa kawaida huzima yenyewe baada ya safari tatu safi.

Gari liko nje. Nimechomoa paipu moja kabla hamjaingia, na sitasema ipi. Kalamu na karatasi ziko juu ya boneti, skana iko kwenye kiti. Tuanze na wale wa mstari wa nyuma.